Kurasa Kumi na Sita za Mwisho

Kuna uchovu unaoisha mtu akilala, na kuna uchovu wa Mariette Kahongya. Wake alilala nao na kuamka nao. Kila asubuhi alitoka kwake Rughenda, mtaa wa Butembo upande wa uwanja wa ndege, sweta juu ya kitenge, akapanda mlima kwa miguu kwa sababu pikipiki zilimtia kizunguzungu. Akifika kwenye mlango wa maktaba ya parokia husimama kwanza, ufunguo mkononi, kama mtu aliyesahau ufunguo ni wa nini. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na mlango ule ameufungua kwa miaka ishirini na sita.

Ndani kulikuwa na vitabu elfu mbili na kitu. Nusu viliachwa na wamisionari. Nusu nyingine vililetwa kwa makatoni na wafadhili wema ambao hawakuuliza kwanza kama Butembo kuna mtu anayehitaji vitabu vinne vya namna ya kuteleza kwenye theluji. Kazi ya Mariette ilikuwa kumtazama anayeingia, awe mtoto wa miaka sita au mzee wa miaka themanini, na kumwambia: soma hiki.

Watu walisema ana kipaji. Kipaji gani! Alikuwa anasoma kadi. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake ndani ya jalada la nyuma, na kila kadi ilikuwa na safu tatu. Ya kwanza jina la msomaji, ya pili tarehe ya kurudisha, na ya tatu, ambayo sijaiona katika maktaba nyingine yoyote, aliibuni Mariette mwenyewe: Apewe nani. Mtu akirudisha kitabu haondoki mpaka asimame mbele ya meza, asimulie kidogo jinsi kilivyoisha, kisha aandike kwa mkono wake kinafaa kumfuata mtu wa namna gani. Kwenye kadi ya kitabu cha mapishi mtu aliandika: "Mwanaume aliyefiwa na mke." Kwenye atlasi: "Mzee anayesema amefika kila mahali." Kwenye kitabu cha hesabu: "Mtoto anayeogopa mwalimu, si hesabu." Mariette alimtazama mgeni, akazikumbuka kadi zake, akainuka kwa kujishika kiuno, akaenda moja kwa moja kwenye rafu.

Siri yake ilikuwa moja, na aliibeba peke yake. Huyu mama aliyeuambia mji mzima usome hakuwa amemaliza kitabu hata kimoja kwa miaka kumi na mmoja.

Jumatatu hiyo Abbé Lusenge, padri aliyesimamia maktaba, aliwaita wafanyakazi wake wawili. Wa pili alikuwa Hadassa, binti wa miaka ishirini na sita aliyeshughulikia kona ya watoto, na ambaye hakuwa bado amejua kuchoka ni nini.

"Samedi tunaenda ku radio," alisema Abbé. "Kila mutu alete liste yake. Kitabu ya mutoto, ya kijana, ya mama na papa, ya muzee. Bitabu munapendaka ku roho, hapana bya kujionyesha."

"Mon Père, miye niko na onze!" alisema Hadassa, na kweli alikuwa navyo kumi na moja, vimeandikwa kwa kalamu za rangi.

"Onze ni mingi. Punguza."

"Nipunguze gani? Yote iko muzuri!"

Abbé akacheka. Hadassa alipotoka, hakucheka tena. Alitoa karatasi kwenye folda akaiweka mbele ya Mariette. Ilikuwa orodha ya vitabu vilivyopotea, kwa sababu parokia ilikuwa inaingiza vitabu vyake vyote kwenye kompyuta. Mistari yote ilikuwa na sahihi ya Mariette isipokuwa mmoja.

"Ni mara ya tatu nakuonyesha hii, mama. Imebakia kitabu moja tu. Tia signature."

"Haijapotea, Mon Père. Iko ku mutu."

"Miaka tatu?"

"Iko ku mutu."

"Mama Mariette, ordinateur haina fasi ya kuandika 'iko ku mutu'. Ni présent ao ni perdu, iko ao imepotea." Alilainisha sauti. "Na ku radio, nakuomba, usitaje kitabu yenye haiko ku étagère, pale ku rafu. Vendredi nataka karatasi yangu."

Mariette aliichukua karatasi akaitia kwenye droo, chini ya kisu chake cha kukatia avokado. Hakuwa mkaidi kwa tabia. Lakini mstari ule ulikuwa na jina la Mwanvua, aliyekiazima mwisho, na kwa Mariette kuandika kwamba kitabu kimepotea kulikuwa sawa na kumwandika Mwanvua mwenyewe. Hilo mkono wake ulilikataa.

Kitabu chenyewe ungekiona usingekiokota. Jalada lilikwisha kufa zamani, na Mariette alikifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Kiliandikwa kwa Kifaransa, na hadithi yake ilikuwa ya mzee mmoja mnung'unikaji anayelinda daraja milimani. Binti yake amevuka siku moja kwenda ng'ambo bila kuaga, na mzee anabaki kumwuliza kila apitaye kama amemwona. Kilikuwa cha zamani sana, cha wakati ule ambapo vitabu viliuzwa kurasa hazijapasuliwa: karatasi kubwa hukunjwa, ikashonwa, na msomaji mwenyewe huenda akikata mikunjo kwa kisu kadiri anavyosoma.

Mariette alikikata kitabu hicho hospitalini, kwa kisu cha mkate, kando ya kitanda cha mumewe. Muyisa alikuwa mwalimu wa Musienene, mnung'unikaji naye kama huyo mlinda daraja, na figo zilipomwishia hakutaka maombi marefu wala wageni wa kumtazama kwa huruma. Alitaka kusomewa. Kila alasiri mkewe alikata kunjo moja, akasoma. Walipofika kunjo la mwisho, kurasa kumi na sita, Muyisa alikuwa amechoka. "Hii tutakata kesho," alisema. Kesho yake kabla ya saa ya kutembelea wagonjwa alikuwa amekufa. Mariette alikirudisha kitabu kwenye rafu kurasa zile zikiwa zimefungwa, na tangu siku hiyo kila kitabu alichokianza alikifunga kabla ya kuisha.

Ila hicho cha daraja alikipendekeza kwa kila mtu. Alikipenda kwa sababu Muyisa alikipenda. Na hapa ndipo penye kichekesho, maana juu ya meza yake palibandikwa tangazo kwa mwandiko wake mwenyewe: NI MARUFUKU KUKATA, KUCHANA AU KUANDIKA NDANI YA KITABU. Watu wa Butembo ni watiifu wakikuta maandishi ukutani. Hakuna aliyethubutu kutia kisu kwenye kitabu cha parokia. Lakini pia hakuna aliyetaka kusimama mbele ya Mama Mariette na kusema hakufika mwisho.

Basi wakasimulia mwisho. Papa Mathe, katekista, alisema binti alirudi na watoto wawili. Mwalimu mmoja alisema daraja lilianguka, akaeleza hata mto ulivyofurika. Abbé Lusenge mwenyewe, alipokuwa padri mgeni anayetaka kuonekana msomi, alisifu "mwisho wenye matumaini makubwa" na kuandika kwenye mstari wa nne wa kadi: "Apewe mtu mwenye subira." Watu kumi na wanne walikiazima, na Mariette alisikia miisho kumi na minne. Kila mmoja akishatoka alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kitabu, akakuta kurasa zile kumi na sita zimefungwa vilevile kama siku ya hospitali. Hakumkasirikia yeyote. Nyani haoni kundule, wanasema, lakini yeye la kwake alikuwa akiliona vizuri sana.

Wa kumi na tano ndiye Mwanvua.

Alikuwa mfanyabiashara wa mafuta ya mawese kutoka Beni, Mwislamu, mama wa makamo mwenye kicheko cha kuamsha waliolala. Kila Jumanne alikuja Butembo kwenye lori la kaka yake, na lori likiwa linashusha madumu na kupakia viazi, yeye alikosa pa kukaa. Mara ya kwanza aliingia maktabani kwa kukimbia mvua. Mara ya pili mvua haikuwepo. Alisoma polepole, kidole chini ya neno, na kila baada ya kurasa chache aliinua kichwa kumtania mwenye nyumba.

"Mama Mariette, we unachokaka kama mutu anazalaka mapacha kila mwaka."

"Soma, Mama Mwanvua. Hapa ni bibliothèque."

"Nasoma! Mais nikikuangalia, usingizi inanishika."

Walikuwa wakinywa chai pamoja, chai na vitumbua alivyoleta Mwanvua kwenye sahani iliyofunikwa. Mariette hakumwambia, lakini Jumanne ndiyo siku pekee ambayo mlima wa kutoka Rughenda ulikuwa mfupi.

Kitabu cha daraja kilimchukua Mwanvua Jumanne nane. Siku ya nane alikiweka mezani, akaegemeza viwiko.

"Unataka niseme namna iliisha. Nitasema nini? Imefungwa, kama duka siku ya dimanche." Akakigeuza ukingo. "Na we, mama? Batu kumi na nne beko ku hii kadi. Na we mwenyewe. Hakuna mwenye alikata?"

Mariette angeweza kumwonyesha tangazo la ukutani. Badala yake, sijui kwa nini siku ile na si siku nyingine, alimweleza yote: hospitali, kisu cha mkate, kesho ya Muyisa ambayo haikufika. Hakuwahi kumsimulia mtu. Mwanvua aliisukuma pembeni sahani ya vitumbua.

"Basi nipatie ruhusa nikate," alisema.

"Kata."

"Mardi nitakuletea."

Jumanne ile hakuja. Siku chache baadaye habari zilifika kwamba gari lililobeba wafanyabiashara limechomwa kwenye barabara ya kaskazini ya Beni. Majina yalipita kwa midomo, na kila mdomo ulikuwa na majina yake. Mmoja alisema Mwanvua alikuwemo. Mwingine aliapa kwamba alivuka Uganda kwa ndugu zake. Simu yake ilijibu kwa ile sauti ya mwanamke asiyejua habari za mtu yeyote.

Mariette alichagua Uganda. Kwa miaka mitatu Mwanvua aliishi Uganda ndani ya kichwa cha Mariette, biashara yake ikiendelea vizuri, madumu ya mafuta yakiongezeka. Mara mbili aliliona lori la kaka yake likipakia karibu na soko, na mara zote mbili alikata njia nyingine, ndefu, ya mlima. Kuuliza si ujinga, wanasema wahenga, lakini hao hawakuwa na Mwanvua. Ukiisha kujibiwa huwezi kumrudishia mtu jibu lake.

Sasa Abbé anataka karatasi yake Ijumaa.

Alhamisi, Hadassa akiwa amekwenda kunakilisha orodha yake, aliingia mtoto wa kike wa miaka tisa hivi, viatu vikubwa kuliko miguu. Jina lake Ornella. Yeye na mama yake walikuwa wametoka Kayna vita ilipofika, wakahifadhiwa na watu wa ukoo kule chini bondeni.

"Mama, iko na kitabu yenye batu habakimbie?" aliuliza.

Mariette aliipitia akilini kona yote ya watoto. Sungura alikimbia. Mtoto wa mfalme alikimbia. Hata yai moja kwenye kitabu cha picha lilikimbia. Mwishowe alimletea kitabu cha wafuga nyuki, ambacho kadi yake ilisema: "Mtu anayetaka kukaa mahali pamoja."

Ornella alikifungua, akakiangalia, kisha akauliza lile swali ambalo watu wazima wanajifunza kutouliza. "Na we mwenyewe, unapendaka gani?"

"Ya mulinda daraja. Mais haiko hapa."

"Inaelezeaka nini?"

Mariette alimsimulia: mzee, daraja, binti aliyevuka. Mtoto alisikiliza bila kupepesa.

"Na mutoto wake alirudia?"

Kumi na wanne walishamwambia. Angeweza kuchagua jibu lolote kati ya hayo, na la katekista lilikuwa zuri kwa mtoto: binti na watoto wawili. Alifungua mdomo. Lakini mtoto huyu alikuwa akingoja jibu kweli kweli, na huenda alikuwa na mtu wake mwenyewe aliyebaki ng'ambo ya barabara fulani, na Mariette alisikia uchovu wa miaka yote umemkalia kifuani pamoja.

"Sijue, mama," alisema. "Sikufikaka mwisho."

"Juu ya nini?"

"Niliogopa."

Ornella alitikisa kichwa kukubali, kana kwamba hiyo ni sababu inayoeleweka, akaweka kitabu cha nyuki kwapani na kutoka. Ijumaa ilipofika, karatasi ya Abbé ilibaki kwenye droo bila sahihi.

Jumamosi wakaenda redioni. Chumba kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa trei za mayai ili kuzuia mwangwi. Hadassa alisoma vitabu vyake saba kwa sauti ya kupendeza; vinne alikuwa amevitoa kwa machozi. Kisha kipaza sauti kikasogezwa kwa Mariette. Abbé alikuwa nyuma ya kioo, mikono kifuani.

"Mimi ni Mariette wa bibliothèque," alianza, akisoma kwenye karatasi. "Miaka ishirini na sita niko naambia batu basome. Kwa mutoto, kuna kitabu ya nyuki. Mutoto moja wa Kayna eko nayo, akirudisha mutachukua. Kwa kijana, kitabu ya kutengeneza moteri. Hata kama hauna moteri, iko muzuri. Kwa mama na papa, ile ya kupika. Bapapa zaidi."

Fundi wa mitambo alicheka. Mariette akaiweka karatasi chini.

"Ya mwisho ni ya kila mutu, mutoto na muzee. Kitabu ya mulinda daraja. Mon Père alikataza niseme kitabu yenye haiko ku étagère. Anisamehe. Hii iko ku Mama Mwanvua wa Beni, mwenye alikuwaka anauzisha mafuta ya mawese. Niliambia batu mingi basome hii kitabu, mais miye mwenyewe sikuimalizaka. Tangu bwana yangu alikufa sijamaliza kitabu hata moja. Niliogopa. Na miaka tatu naogopa kuuliza Mama Mwanvua eko wapi." Alivuta pumzi, ikasikika Butembo nzima na hadi Beni. "Mwenye eko na kitabu, akuwe yeye ao mutu mwingine, asome mpaka mwisho. Asifanye kama miye. Aksanti."

Fundi alisahau kuweka muziki.

Mariette alirudi nyumbani akiwa na aibu ya kumwungua masikio. Mwenye kusema kweli hatulii siku hiyo hiyo, msidanganywe. Jumapili alikwenda misa ya kwanza ili asikutane na watu. Jumatatu Papa Mathe katekista aliingia maktabani, kofia mkononi, akazunguka rafu mara mbili bila kugusa kitabu.

"Mama Mariette. Ile mutoto wa mulinda daraja. Sijue vizuri kama alirudia na batoto babili."

"Najua, Papa."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile ulisema."

Mzee aliguna, akavaa kofia, akatoka akiwa mwepesi kuliko alivyoingia. Yule mwalimu wa mto uliofurika alipomwona Mariette barabarani alivuka upande wa pili. Abbé hakuja kuidai karatasi yake.

Jumanne, saa nne, mwanaume mrefu mwenye kofia ya Kiislamu na vumbi jekundu hadi kwenye kope alisimama mlangoni. Mkononi alikuwa na mfuko mweusi wa plastiki. Mariette alimtambua kabla hajasema. Miguu yake ilitaka ile njia ndefu ya mlima, lakini safari hii alikuwa ameketi nyuma ya meza yake mwenyewe na hapakuwa na pa kupitia.

"Mama, bonjour. Miye ni Fadhili, ndugu ya Mwanvua."

"Karibu, papa." Kisha, kabla woga haujamshika, aliuliza. "Eko Uganda?"

Fadhili alimtazama. Pengine alikuja amejiandaa kwa maneno mengine.

"Hapana, mama. Alikuwa ku ile gari. Tulimuzika siku ile ile. Miaka tatu sasa."

Mariette aliitikia kwa kichwa. Uganda yote ikaondoka, pamoja na madumu yake. Kilichomshangaza ni kwamba alikuwa amejua wakati wote, na kwamba kujua hakukumpunguzia kitu.

"Pole," alisema. "Pole sana, papa. Nilipashwa kuja ku matanga."

"Na miye nilipashwa kuleta hii." Alitoa kitabu kwenye mfuko. Karatasi ya saruji ilikuwa imechakaa, na doa la mafuta, la rangi ya chungwa, limekaa pembeni. "Asubui ile alikiacha ku meza. Alisema kitaenda kwa Mama Mariette mardi. Nilijua kama ni ya hapa, tampon ya parokia, ile muhuri, iko ndani. Kila mardi nilikuwa nakiweka ku gari, kila mardi narudia nacho Beni. Nilijiambia, nikikirudisha, basi njo itakuwa imeisha." Alipangusa kope, akajipaka vumbi zaidi. "Mais ulisema ku radio kama unaogopa. Nikasema, kumbe tuko babili."

Mariette alipokea kitabu, na midomo yake, kwa mazoea ya miaka ishirini na sita, ikauliza yenyewe: "Iliisha namna gani?"

"Sijue kusoma Kifransa, mama. Angalia mwenyewe."

Alikataa kiti. Lori lilikuwa linashushwa mafuta na vijana wasioaminika. Alisema tu kwamba Jumanne nyingine, gari likichelewa kupakia, labda atapita anywe chai. Mariette akamwambia chai ipo.

Akabaki na kitabu. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo kama alivyofanya mara kumi na nne. Kidole kikazama. Kurasa zilikuwa zimekatwa kwa kisu cha jikoni, kombokombo, na kwenye moja alama ya kidole cha mafuta. Zilikuwa zimekatwa moja baada ya nyingine, hadi karibu na mwisho. Karatasi mbili tu za mwisho zilikuwa zimeshikana bado, kunjo halijaguswa.

Alifungua kadi. Mstari wa kumi na tano: Mwanvua. Tarehe ya kurudisha: ile Jumanne, imeandikwa mapema na mtu asiyekuwa na shaka kwamba atafika. Na kwenye safu ya tatu, kwa herufi kubwa za mtu anayeandika mara chache, zikivuka mstari hadi chini:

"Mama Mariette mwenyewe. Nimemuachia ya mwisho. Asiulize tena batu, asome."

Alilia. Hakujificha kwenye rafu wala hakujifanya vumbi limemwingia. Alilia mezani kwake, mchana, mbele ya Hadassa aliyesimama na kikombe cha maji bila kujua amkabidhi au amwache. Alimlilia Mwanvua, matanga aliyoyakosa, kicheko kile. Alimlilia Muyisa pia, maana yeye alikuwa hajaliliwa vya kutosha. Alipomaliza, alifungua droo. Kisu cha avokado kilikuwa juu ya orodha ya vitabu vilivyopotea. Akakifuta vizuri kwa upindo wa kitenge, akakitia kwenye kunjo na kukivuta taratibu. Karatasi ya zamani ilitoa sauti ndogo, ikaachia.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Abbé Lusenge, kalamu mkononi.

"Mama Mariette, juu ya ile karatasi..."

"Ngoja kidogo, Mon Père," alisema Mariette bila kuinua kichwa. "Niko nasoma."

Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kumwambia mtu angoje, sembuse padri. Abbé aliona kisu. Aliona jalada la karatasi ya saruji, na kadi iliyo wazi, na mwandiko wake mwenyewe kwenye mstari wa nne. Masikio yakamwiva. Akavuta kiti kimoja kutoka kona ya watoto, akakikalia, magoti yakafika karibu na kidevu.

"Basi soma kwa sauti," alisema. "Hata miye sikufikaka."

Mariette akavaa miwani yake, akarudi juu ya ukurasa, akaanza.